Swali la mistari mitatu, faili la watu 186

Simu iliingia Ijumaa tarehe 7 Februari 2025, saa mbili na dakika arubaini asubuhi, matatu ikiwa imekwama Ngong Road. Alikuwa mkurugenzi wa ofisi ndogo ya uhasibu Kilimani, Nairobi, ambayo niliwahi kuifundisha nusu siku kuhusu ulinzi wa data. Hakunisalimia. "Mwalimu, kuna linki imetoka kwetu. Ina mishahara ya watu. Njoo kwanza, mengine tutaongea ukifika."

Ofisi hiyo sitaitaja, wala mteja wake. Wahusika wamekubali kisa kisimuliwe mradi majina yao yabaki kwao. Nakisimulia kwa sababu hakuna mwizi ndani yake, na hakuna aliyevunja nenosiri la mtu. Kulikuwa na mfanyakazi mwenye bidii, kazi ya haki na usiku mmoja.

Ofisi hiyo huandaa mishahara ya kampuni za watu wengine. Mmoja wa wateja wake ni kampuni ya uchukuzi Industrial Area yenye wafanyakazi 186: madereva, mataniboi (wasaidizi wa madereva), mafundi, walinzi na watu wa ofisini. PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, ya Januari ilipaswa kuwa imefika KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kufikia tarehe 9 Februari, na mwaka huo tarehe 9 iliangukia Jumapili. Aliyewahi kuhangaika na iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, siku za mwisho anajua kwamba hakuna anayetaka kuachia kazi hiyo Jumapili. Kwa hivyo Alhamisi jioni dada anayeshughulikia mishahara alibaki ofisini peke yake, na jumla yake ikawa hailingani na jumla iliyokuwa ikitoka kwenye fomu ya KRA.

Tofauti hiyo ilikuwa na chanzo chake, na ndicho kiini cha kisa kizima. Tarehe 27 Desemba 2024 mabadiliko ya sheria za kodi yalianza kutumika. Chukua mshahara wa Sh50,000. SHIF, mchango wa bima ya afya ya taifa, ni 2.75%, yaani Sh1,375. Tozo ya nyumba ni 1.5%, yaani Sh750. Zamani kodi ilikokotolewa kwanza, kisha mfanyakazi akapewa nafuu ya 15% ya makato hayo mawili, ambayo ni Sh318.75. Sheria mpya iliondoa nafuu hiyo, na badala yake makato yenyewe hutolewa kwenye mshahara kabla kodi haijakokotolewa. Kwa mtu anayefikia ngazi ya 30%, hilo humpunguzia kodi kwa Sh637.50. Faili la ofisi lilikuwa bado linafuata utaratibu wa zamani. Mtu wa Sh50,000 alikuwa anakatwa Sh318.75 zaidi ya inavyotakiwa.

Dada huyo hakujua kosa liko wapi. Alijua tu kwamba kuna watu wanakatwa pesa zao. Saa tatu usiku alifungua akaunti yake binafsi ya bure ya mojawapo ya zana za akili mnemba, akapakia faili zima la Excel, akaandika: tafuta kwa nini PAYE hailingani, nionyeshe kwa kila mfanyakazi. Baada ya muda mfupi akapata jibu. Lilikuwa sahihi, nalo lilikuja na jedwali refu: jina, nambari ya kitambulisho, mshahara, makato, kodi ya zamani na kodi mpya, mstari kwa mstari.

Alifurahi, na ana haki ya kufurahi. Akabonyeza kitufe cha kushiriki, akanakili kiungo, akakiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha ofisi ili mwenzake amalizie asubuhi. Kikundi hicho kilikuwa na watu 23. Wawili walikuwa wameshaacha kazi na hakuna aliyewatoa. Mmoja wao alikuwa amehamia kwa huyo huyo mteja wa Industrial Area tangu Desemba.

Ndiye aliyewapigia simu ofisini asubuhi. "Dada, hii linki yenu nimeifungua nikidhani ni mambo ya harambee. Naona mshahara wa bosi wangu. Toeni hii kitu haraka." Namshukuru mtu huyo. Angeweza kunyamaza na kuisambaza.

Nilipofika, dada wa mishahara alikuwa ameshika simu, kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta, machozi yanamtoka. Nilimwambia, "Funga kiungo sasa hivi, lakini mazungumzo usiyafute bado." Mkurugenzi alinitazama kama mtu anayetaka nyumba iendelee kuungua. Lakini mpangilio huo una maana. Kiungo kikiwa wazi, kila dakika ni hasara, kwa hiyo hicho hufungwa kwanza. Mazungumzo yenyewe, yakifutwa kabla hujayaandika, yanakuacha bila njia ya kumwambia mtu yeyote ni taarifa zipi zake zilizotoka. Tulipiga picha za skrini, tukaandika saa, tukanakili faili lilivyopakiwa, tukaweka vyote kwenye kompyuta moja yenye nenosiri. Ndipo akafuta. Ujumbe wa WhatsApp tuliufuta kwa wote, maana ulikuwa bado ndani ya siku mbili na kidogo ambazo WhatsApp hukuruhusu kufanya hivyo.

Kulikuwa na tundu moja ambalo hatukuweza kuliziba. Kwenye baadhi ya zana hizi, ikiwemo ChatGPT, mtu aliyefungua kiungo akaendeleza mazungumzo kwenye akaunti yake huwa na nakala yake mwenyewe. Ukifunga kiungo, nakala hiyo haiguswi. Na picha ya skrini haina kitufe cha kuifuta kutoka mbali.

Kisha tukafungua faili lenyewe, na hapo ndipo mimi binafsi nilipokosa raha. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mishahara. Nyuma yake kulikuwa na mbili zilizofichwa, ambazo dada huyo hakujua zipo, kwani alirithi faili hilo kutoka kwa aliyemtangulia. Moja ilikuwa na makato mengine: mikopo ya masomo ya HELB, mikopo ya sacco, na makato ya matunzo ya watoto kwa amri ya mahakama. Ya pili ilikuwa ya bima ya afya, yenye majina ya wenzi na watoto, na safu ya maelezo ambapo mtu fulani, miaka iliyopita, aliandika magonjwa yaliyowapeleka watu likizo. Karatasi ikifichwa kwenye Excel haionekani kwa macho ya mtu, lakini bado imo ndani ya faili, na faili likipakiwa inakwenda nalo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya, hali ya ndoa na taarifa za familia, majina ya watoto yakiwemo, kuwa data nyeti. Kwa taarifa za mtoto inataka idhini ya mzazi au mlezi. Kwa hivyo kile ambacho kila mtu pale alikiita "linki ya mishahara" kilikuwa mambo mawili tofauti. Mishahara na vitambulisho vilionekana na yeyote aliyefungua kiungo. Magonjwa na majina ya watoto hayakuwa kwenye jedwali la jibu, lakini yalikuwa yameshafika kwenye seva za kampuni ya nje ambayo ofisi hiyo haina mkataba nayo wowote.

Katika ofisi nyingi ninazoingia, hofu ya kwanza ni kwamba mtambo "utajifunza" siri zetu na kumwambia mshindani. Hofu hiyo si ya bure. Akaunti za kawaida za ChatGPT, kwa mfano, mazungumzo yake yanaweza kutumika kufundishia mtambo usipozima mpangilio huo, na ukiuzima leo haugusi yaliyopita. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Google DeepMind, walionyesha kwamba ChatGPT iliweza kushawishiwa kutapika vipande vya matini iliyofundishwa navyo, zikiwemo taarifa za watu. Lakini katika kisa hiki hilo lilikuwa jambo la tatu. La kwanza lilikuwa kiungo, la pili ni kwamba data ilikuwa imehifadhiwa mahali ambapo mwenye data hana sauti. Mkurugenzi aliniuliza kama kuzima mafunzo kungetosha. Nilimkumbusha tarehe 20 Machi 2023, pale hitilafu kwenye maktaba ya programu ilipofanya baadhi ya watumiaji wa ChatGPT waone vichwa vya mazungumzo ya watu wengine, na taarifa za malipo za sehemu ya wateja wa kulipia zikawa hatarini. Hapakuwa na mafunzo ya mtambo katika tukio hilo. Data ikishakaa kwa mtu, inaishi na matatizo ya nyumba hiyo.

Kwenye saa nne tukafika kwenye lile swali gumu. Madam mkurugenzi aliketi, akavua miwani. "Mwalimu, niambie ukweli. Nikimwambia mteja, nampoteza. Kiungo kilikuwa wazi kwa saa kumi na mbili tu. Pengine hakuna mwingine aliyeona."

Sikumlaumu. Ana wafanyakazi ishirini na kodi ya ofisi ya kulipa. Lakini ofisi yake si mwenye data. Kisheria ni mchakataji, yaani anayeshughulikia data kwa niaba ya mwingine. Mwenye wajibu mkuu, yaani mdhibiti, ni ile kampuni ya uchukuzi. Kifungu cha 43 kinamtaka mchakataji amjulishe mdhibiti bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48 tangu afahamu. Mdhibiti naye anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72, ikiwa data imefikiwa na mtu asiyeidhinishwa na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa mhusika. Zimeandikwa saa, na Jumamosi ina saa 24 kama siku nyingine yoyote.

Tulibishana juu ya hiyo "hatari ya kweli". Mwanasheria wao, kwa simu, alidhani kwamba mtu mmoja kufungua na kutoa taarifa mwenyewe hakufikii kiwango hicho. Mimi nilisema inafikia, na bado nasema hivyo. Jina, nambari ya kitambulisho na mshahara vikiwa mstari mmoja vinatosha kwa tapeli kumpigia dereva simu akijifanya afisa wa mikopo anayejua kila kitu chake. Na kwa wale wenye maelezo ya ugonjwa, sioni ni nani angekuwa na moyo wa kuwaambia kwamba hatari yao si ya kweli. Mwanasheria huyo aliposema sheria hii ni ya makampuni makubwa, nilimtajia shule iliyotozwa Sh4,550,000 mwezi Septemba 2023 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kiwango cha juu ni Sh5,000,000 au 1% ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo.

Saa tisa alasiri mkurugenzi alimpigia mteja mwenyewe, hakumtuma mtu. Mteja alikasirika, akanyamaza, kisha akauliza swali lililonionyesha kwamba anaelewa: "Nataka kujua ni nini hasa kimetoka, cha nani." Kwa sababu hatukufuta kabla ya kunakili, alijibiwa ndani ya saa moja. Ripoti yake kwa Ofisi ya Kamishna ilienda Jumatatu asubuhi, ndani ya muda.

Jumatatu hiyo nilirudi Kilimani kwa jambo ambalo halikuwa kwenye makubaliano yetu. Nilimwomba dada wa mishahara aketi nami, tukafungua ukurasa mtupu. Nikamwambia tuulize tena swali lile lile, ila bila mtu hata mmoja ndani yake. Tulibuni mistari mitatu: mshahara wa Sh22,000, wa Sh50,000 na wa Sh120,000. Hakuna majina, hakuna vitambulisho. Tukanakili fomula zake nne kama maandishi. Tukauliza: kwa sheria ya Kenya kuanzia 27 Desemba 2024, ni ipi kati ya fomula hizi imepitwa na wakati?

Jibu lilikuwa lile lile. Fomula ya nafuu ya 15% ndiyo yenye kosa.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe halikuhitaji watu." Nilitamani wakurugenzi wote wa Upper Hill na Westlands wangekuwa chumbani humo. Kosa lilikuwa kwenye fomula, na fomula haina kitambulisho. Yeye alipeleka watu 186, wenzi wao na watoto wao, kuuliza jambo lililotoshea kwenye mistari mitatu ya kubuni. Na hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kutenganishwa.

Alichowahi kupewa ni katazo. Mei 2023 Samsung ilizuia wafanyakazi wake kutumia zana hizi kwenye vifaa vya kampuni, baada ya wahandisi kubandika msimbo wa programu na kumbukumbu za mkutano kwenye ChatGPT. Mkurugenzi alisoma habari hiyo, akatuma barua pepe ya sentensi moja: ni marufuku kutumia ChatGPT ofisini. Fundi wa mitandao akaifunga kwenye waya-fai. Basi. Kila mtu akaendelea kuitumia kwenye simu yake kwa bando yake, kwenye akaunti yake, mahali ambapo ofisi haioni wala haiwezi kufuta chochote. Samsung ina wahandisi wa kujitengenezea zana za ndani. Ofisi ya watu ishirini Kilimani ilichukua katazo peke yake, kazi ikabaki pale pale na tarehe 9 ikabaki pale pale.

Ndiyo maana nilipinga wazo la kumfukuza dada huyo. Barua ilikuwa imeshaandikwa, niliiona mezani. Nilimwambia Madam kwamba akimfukuza aliyekiri kila kitu ndani ya dakika kumi, atakayekosea mwaka ujao atafuta ushahidi wote na kunyamaza. Alipewa onyo la maandishi na akaachiwa kazi yake. Si kila ofisi ingefanya hivyo, na ninamheshimu Madam kwa hilo.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Walinunua akaunti ya biashara yenye mkataba, ambayo data yake haitumiki kufundishia mtambo. Lakini nilisisitiza kwamba kulipia hakumpi mchakataji ruhusa ya kupeleka data ya mteja kwa mchakataji mwingine. Kanuni za 2021 zinataka idhini ya mdhibiti kwanza, na data ikivuka mpaka kuna masharti yake pia. Basi mikataba na wateja iliongezwa kipengele, na wateja wawili walikataa kabisa. Data zao haziingii humo. Kikundi cha WhatsApp kilisafishwa.

Tulitumia muda zaidi kwenye namna ya kuficha utambulisho, maana hapo ndipo watu hujidanganya. Wazo lao la kwanza lilikuwa kubadilisha majina kuwa W001, W002 na kuendelea. Nikawauliza: kampuni yote ina mtu mmoja tu mwenye mshahara wa Sh780,000, je, W001 hatajulikana? Wazo la pili lilikuwa kuzidisha mishahara yote kwa namba moja ya siri. Hilo huharibu hesabu yenyewe, kwani PAYE ina ngazi, na mtu wa Sh30,000 akizidishwa anaweza kuruka kutoka ngazi ya 25% hadi ya 30%, ukaanza kutafuta kosa ambalo halipo. Kwa kazi kama hii ni bora kubuni mistari kuliko kuwafunika watu wa kweli. Na inapobidi kutuma sehemu ya faili, nakili seli zinazohitajika, bandika thamani zake tu kwenye kitabu kipya, usihifadhi faili la zamani kwa jina jipya, kwani karatasi zilizofichwa hubebwa nalo. Excel yenyewe ina kikaguzi cha hati kinachofichua karatasi hizo. Dada wa mishahara sasa hukitumia hata kabla ya kumtumia mwenzake faili kwa barua pepe.

Ile karatasi ya magonjwa ilifutwa kabisa. Ofisi ya mishahara haikuwa na kazi nayo hata siku ya kwanza.

Mwisho wa Februari kila mfanyakazi alipokea hati yake ya mshahara ikiwa na marekebisho ya kodi ya Januari, na barua ya Kiswahili ya ukurasa mmoja inayosema ni nini kilitoka, lini, kwa nani, na nambari ya kupiga ukiwa na swali. Wiki moja baadaye dereva mmoja mzee alikuja Kilimani mwenyewe, barua imekunjwa mfukoni. Dada wa mishahara alimpokea. Nilikuwepo.

"Msichana wangu," akasema, "mimi mshahara wangu hata majirani wanaujua. Nauliza juu ya mtoto. Jina lake liko wapi sasa?"

"Mzee wangu, halikuwa kwenye ile linki. Lilienda kwenye mtambo wa kampuni ya nje kwa sababu mimi nilituma faili bila kulikagua. Tumelifuta huko, na kwa masharti yao huondolewa ndani ya siku 30. Waliokuwa kwenye kikundi tumewaomba wote wathibitishe kwa maandishi kwamba hawakuhifadhi kitu. Kumi na tisa wamejibu. Wanne hawajajibu."

Mzee aliitazama barua tena. "Hao wanne, endelea kuwapigia," akasema, akaomba glasi ya maji.

Bado anawapigia.